Nyama ya kusaga ya Kikorea inatoa maji, sukari inaungua: nifanyeje?

"Shikamoo mwalimu. Naomba msaada wako. Nimeona watu wengi wakipika nyama ya kusaga kwa mtindo wa Kikorea, ile inayopakuliwa juu ya wali kwenye bakuli, na wote wanasema ni ya haraka na haina gharama. Kwangu imegoma. Mara ya kwanza nilitia nusu kilo ya nyama kwenye sufuria pamoja na kitunguu saumu, tangawizi, sosi ya soya na sukari, vyote kwa mkupuo. Ikatoa maji mengi, ikawa ya kijivu. Nilipoongeza moto ili yakauke, sukari ikaungua chini, nyama ikawa ngumu, chungu na ya chumvi kali. Mara ya pili niliiloweka usiku kucha kwenye soya na nanasi la kusaga, kwa kuwa niliambiwa peasi ndiyo siri na sikuwa nayo. Ikawa rojo. Sina gochujang, ile pilipili yao ya kuchachushwa, na nilipo ni ghali. Je, bila hiyo na bila peasi inawezekana? Tuko wanne, mume wangu ana presha, na nikirudi kazini nina kama nusu saa tu."

Marahaba, mwanangu. Inawezekana, tena kwa hiyo nusu saa yako. Nimesoma swali lako mara mbili na sioni kiungo chochote ulichopungukiwa. Kilichokuangusha mara ya kwanza ni kutia kila kitu kwa wakati mmoja, na kilichokuangusha mara ya pili ni ushauri wa nyama nyingine uliotumika kwenye nyama ya kusaga. Hayo yote yana sababu, na ukizijua hutahitaji kukariri mapishi ya mtu.

Kwanza tuondoe hofu ya kukosea "Ukorea" wenyewe. Chakula kinachoigwa na bakuli hili ni bulgogi: nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vyembamba sana, ikalowekwa kwenye soya, sukari, kitunguu saumu, mafuta ya ufuta na mara nyingi peasi ya kukwaruzwa, kisha ikachomwa au kukaangwa haraka. Kutumia nyama ya kusaga badala ya vile vipande ni njia ya mkato ya wapishi wa nyumbani, kwa sababu ni rahisi kuliko steki na haihitaji kisu kikali. Usione aibu nayo. Wakorea wenyewe hawaidharau nyama iliyokatwakatwa: wana tteokgalbi, mbavu za ng'ombe zinazotolewa mfupa, zikakatwakatwa na kufinyangwa upya kabla ya kuchomwa, na wana pia gochujang inayokaangwa na nyama ya kusaga na asali ili iliwe na wali. Kwa hiyo bakuli lako si la jadi, lakini ladha yake ni ya ukoo uleule.

Na ukiangalia orodha ya viungo vya bulgogi niliyokutajia, utaona gochujang haimo. Watu wengi wanadhani kila chakula cha Kikorea lazima kiwe chekundu na kiwashe. Pilipili asili yake ni bara la Amerika, wala haingeweza kufika Korea kabla ya mwaka 1492, na hadi leo upande mkubwa wa mapishi yao husimama juu ya soya, kitunguu saumu na ufuta bila kuwasha hata kidogo. Unachohitaji ili bakuli liwe na harufu yake ni mafuta ya ufuta, yale ya rangi ya kahawia yaliyokamuliwa kutoka kwenye ufuta uliokaangwa. Hayo ndiyo ningekushauri utafute kabla ya gochujang. Chupa ndogo inakaa muda mrefu kwa sababu kila pishi linachukua vijiko viwili vya chai tu.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapo ndipo penye ugonjwa.

Zaidi ya nusu ya uzito wa nyama mbichi ni maji. Ikiwa nyama ni nzima, maji hayo yamefungwa ndani ya nyuzi. Ikishapita kwenye mashine ya kusagia, nyuzi zinakatika kila mahali na maji yanapata milango elfu ya kutokea. Joto likipanda, protini za nyama zinajikunja na kuyakamua nje. Yakifika kwenye sufuria, yanachemka kwa nyuzi joto 100, na hapo ndipo mtego ulipo: maadamu sufuria ina maji, nyama haiwezi kupata joto la kupita hizo 100 kwa maana yoyote ya kukusaidia. Ile rangi ya hudhurungi, na ile harufu ya nyama iliyokaangika inayomtoa mtu chumbani, hutokana na protini na sukari za asili za nyama kuungana kwa kasi kuanzia kama nyuzi 140. Chini ya hapo unachemsha. Nyama yako ya kijivu ilikuwa imechemshwa kwenye supu yake yenyewe, halafu ukaongeza soya, ambayo nayo sehemu kubwa ni maji.

Ukubwa wa chombo unaamua mambo kuliko ukubwa wa moto. Nusu kilo kwenye sufuria nyembamba na ndefu inalala kwa tabaka nene. Ya chini inatoa maji, ya juu inayafunika, mvuke hauna pa kwenda. Nusu kilo hiyohiyo kwenye kikaangio kipana cha sentimita 28 au 30 inatandazika, mvuke unaruka, na chini panakauka haraka. Kama una kikaangio kidogo tu, kaanga nyama nusu, itoe, kaanga nusu nyingine, kisha zirudishe pamoja. Inaongeza dakika tano, basi.

Kama huna chochote isipokuwa ile sufuria, bado hujakwama. Kaanga nyama peke yake, bila soya, bila sukari, bila kitunguu saumu, na uache maji yatoke yote na yakauke yote. Usiyamwage, yamebeba ladha ya nyama, na yakikauka ladha hiyo inabaki imegandamana na vipande. Baada ya maji kwisha kitakachobaki chini ni mafuta ya nyama, na hapo itaanza kujikaanga yenyewe. Utajuaje? Sikiliza. Maji yana sauti nzito ya kububujika. Yakiisha, sauti inabadilika ghafla, inakuwa kali na ya kupasukapasuka, mvuke mweupe unapungua, na harufu inahama kutoka ya supu kwenda ya nyama choma. Watu wengi huishia dakika mbili kabla ya hapo. Nyama ya njia hii inakuwa kavu kidogo kuliko ya kikaangio kipana, sitakuficha, lakini kwenye bakuli lenye sosi na mboga tofauti hiyo ni ndogo.

Kuna mbinu nyingine ambayo wapishi wengi wanaitegemea siku hizi: bakingi soda. Robo ya kijiko cha chai kwa nusu kilo ya nyama, iliyoyeyushwa kwenye kijiko kikubwa kimoja cha maji, ukaichanganya na nyama na kuiacha dakika 15 wakati unaandaa vingine. Soda inapunguza uasidi wa nyama, protini hazijikunji kwa nguvu, kwa hiyo maji mengi yanabaki ndani na rangi inakuja upesi zaidi. Inafanya kazi kweli. Lakini usizidishe kipimo, kwani ladha ya sabuni inaingia mara moja na haitoki. Wala usidhani ni sawa na bakingi pauda au magadi ya kutengenezea sabuni. Hivyo ni vitu vingine kabisa. Kwa mtu mwenye presha soda inaongeza sodiamu kidogo, hivyo nyumbani kwako ningeiacha na kutegemea kikaangio kipana.

Turudi kwenye nanasi. Aliyekuambia peasi ndiyo siri hakukudanganya, ila alisahau kusema ni ya nyama gani. Kwenye vipande vya bulgogi, peasi inafanya kazi mbili: inaleta utamu, na ina vimeng'enya vinavyolainisha nyuzi. Nyama ya kusaga haina nyuzi ndefu za kulainishwa. Mashine imekwisha maliza kazi hiyo. Na nanasi bichi si mwenzake peasi. Kimeng'enya chake kina nguvu nyingi mno, sawa na cha kiwi na papai, na ukikipa usiku mzima kwenye nyama iliyokwisha sagwa kitaimeng'enya hadi iwe rojo, kama ulivyoona. Ukipenda ladha ya tunda, kwaruza nusu ya tufaha au peasi moja kwa moja kwenye sosi, iingie motoni dakika za mwisho. Usipokuwa nalo, acha, hakuna atakayeligundua.

Hata bila nanasi, kuloweka nyama ya kusaga kwenye soya usiku kucha ni kuiharibu. Chumvi huyeyusha protini fulani za nyama na kuzifanya zinate. Hivyo ndivyo soseji zinavyoshikana na kuwa ngumu kidogo, na kwa soseji ni sawa, lakini wewe unataka chembechembe zinazoachana, zenye kingo zilizokauka kidogo. Nyama ya kusaga ina sura nyingi sana za kushikwa na sosi. Inakolea kwa dakika mbili motoni kiasi ambacho kipande cha steki kingehitaji saa kadhaa.

Sukari nayo ina zamu yake. Sukari, iwe nyeupe, ya kahawia au asali, ikikaa kwenye chuma kikavu chenye moto wa kukaangia nyama inapita haraka kutoka rangi ya dhahabu hadi nyeusi, na nyeusi ni chungu. Kitunguu saumu kilichosagwa hakina uvumilivu pia. Dakika moja ya ziada inatosha kuitia sufuria nzima uchungu. Mafuta ya ufuta hupoteza harufu yake yakipikwa muda mrefu. Ukiyaweka hayo pamoja utaona mpangilio unajiandika wenyewe: nyama kwanza na peke yake, kitunguu saumu na tangawizi baada ya nyama kupata rangi, soya na sukari baada ya hapo, mafuta ya ufuta moto ukishazimwa.

Basi hivi ndivyo ningekwenda nikiwa nyumbani kwako jioni.

Mchele uoshwe na uwekwe motoni kabla hata hujavua viatu, kwani ndio unaochukua muda mrefu kuliko vyote. Mchele wa Kikorea ni wa punje fupi unaonata, lakini wowote ulio nao unafaa. Uache tu uwe laini kidogo kuliko wa pilau, uweze kubeba sosi. Wakati unachemka, kwenye kibakuli changanya vijiko vikubwa viwili vya sosi ya soya, kijiko kikubwa kimoja na nusu cha sukari ya kahawia, kijiko kikubwa kimoja cha siki, vijiko vikubwa viwili vya maji na pilipili manga ya kutosha. Onja. Itakuwa kali mdomoni, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu wali hauna chumvi. Ponda punje nne za kitunguu saumu, kwaruza tangawizi ipate kijiko kikubwa kimoja. Kata vitunguu vya majani, sehemu nyeupe mbali na ya kijani.

Nyama, kama ilikuwa imegandishwa na kuyeyushwa, ina maji mekundu chini ya mfuko. Hayo yamwage, na uigandamize nyama kwa karatasi ya jikoni au kitambaa safi ambacho utakifua kwa maji ya moto mara moja. Pasha kikaangio dakika mbili au tatu. Kama ni kile chenye utando usioshika, usikichome kikiwa kitupu, tia mafuta mapema na moto uwe wa kati kwenda juu. Tia kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kawaida, kisha itandaze nyama yote kwa mwiko, igandamize iwe bapa kama chapati nene iliyojaa kikaangio.

Halafu iache.

Hilo ndilo gumu kwa wapishi wengi, mkono unawasha. Ukikoroga kila sekunde unaipoza nyama na kuyafungulia maji kabla chini hapajashika rangi. Iache dakika tatu hadi nne, uinue pembe moja uchungulie. Ukiona hudhurungi ya kweli, igeuze kwa vipande vikubwa, iache dakika mbili nyingine, ndipo uivunjevunje kwa ncha ya mwiko. Si lazima kila chembe iwe na rangi. Theluthi moja ikishika vizuri inatosha kuipa ladha sufuria nzima.

Mafuta yakiwa mengi, inamisha kikaangio uyachote kwa kijiko, ubakize kama kijiko kimoja. Usiyamwage kwenye sinki, yataganda kwenye bomba. Sogeza nyama pembeni, kwenye nafasi iliyo wazi tia kitunguu saumu, tangawizi na weupe wa vitunguu vya majani, vigeuze nusu dakika mpaka harufu ipande, kisha changanya na nyama. Mimina sosi kutoka kwenye kibakuli. Itachemka kwa kelele. Kwangua chini kwa mwiko, ile ngozi ya hudhurungi iliyoshika chuma ndiyo hazina yako. Baada ya dakika mbili hivi sosi itakuwa imepungua, inang'aa, na ukipitisha mwiko katikati itaacha njia kwa kitambo kidogo kabla ya kufunga. Zima moto. Mafuta ya ufuta vijiko viwili vya chai, majani ya vitunguu, ufuta wa kukaanga kama upo. Umemaliza, na mchele ndio kwanza unatulia chini ya mfuniko.

Umeona nimekuandikia vijiko viwili tu vya soya, wakati mapishi mengi ya bakuli hili yanataka vinne kwa nusu kilo. Hilo ni kwa ajili ya mume wako. Kijiko kikubwa kimoja cha soya ya kawaida kina takriban miligramu 900 za sodiamu, sawa na gramu mbili na zaidi kidogo za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Vijiko vinne kwa watu wanne ni kijiko kimoja kwa kila sahani, karibu nusu ya kiwango cha siku kwa mlo mmoja, bado hajala mkate wala kachumbari. Kwa vijiko viwili unapunguza hadi nusu ya hapo. Siki, tangawizi na nyama iliyokaangika vizuri ndizo zinazoziba pengo, maana ulimi unaokutana na uchachu na harufu nzito haulalamiki sana kukosa chumvi. Usiongeze chumvi nyingine kwenye nyama, na wali upike bila chumvi.

Utaona pia chupa zilizoandikwa kwamba zina chumvi pungufu. Zinasaidia, lakini soma maandishi ya nyuma. Baadhi yake hutiwa kloridi ya potasiamu badala ya sehemu ya chumvi, na mtu mwenye matatizo ya figo, au anayetumia dawa fulani za presha zinazopandisha potasiamu mwilini, haifai aanze kuitumia bila kumwuliza daktari wake. Na kama mume wako amepewa kiwango maalumu cha chumvi kliniki, chukua makadirio haya uende nayo kwa mtaalamu wa lishe wa pale. Anaona vipimo vyake, mimi sivioni.

Kuhusu gochujang, nikupe maoni yangu bila kuzunguka. Hutengenezwa kwa unga wa pilipili, mchele wa kunata, soya iliyochachushwa na chumvi, na uchachushaji huo unaipa utamu na uzito ambao hakuna kibadala kinachoufikia. Ukipika vyakula vya Kikorea mara kwa mara, inunue. Kwenye friji inakaa miezi mingi bila kuharibika. Ukipika bakuli hili mara moja moja, fedha hiyo iende kwenye mafuta ya ufuta. Anayetaka kuwashwa atie pilipili kavu ya kusaga, nusu kijiko cha chai, wakati uleule wa kitunguu saumu. Ukipata gochujang, kumbuka ina chumvi yake: kijiko kimoja kikiingia, punguza soya. Na kwa wasiotumia pombe, wasome orodha ya viungo, kwa sababu baadhi ya gochujang za kiwandani hutiwa pombe kidogo ili zisiendelee kuchachuka. Mirin, kile kiungo kitamu cha Kijapani kinachotajwa kwenye mapishi mengine, ile halisi ni pombe kabisa. Maji na sukari kidogo vinaziba nafasi yake.

Gharama inapungua zaidi kwa kuinyoosha nyama kuliko kwa kutafuta nyama ya bei ya chini. Chaguo langu la kwanza ni kabichi iliyokatwa nyembamba. Lakini ikaangwe peke yake kwa moto mkali dakika mbili, nyama ikiwa imetoka, kisha vikutane. Ukiitupa mbichi kwenye nyama umerudisha yale maji uliyohangaika kuyaondoa. Karoti vivyo hivyo. Uyoga uliokatwa vipande vidogo unakaribia nyama kwa ladha kuliko mboga zote, ila unatoa maji mengi, kwa hiyo uutangulize uukaushe kwanza. Tofu ngumu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, iliyovurugwa kwa mkono inachukua sosi vizuri. Dengu zilizochemshwa zinashibisha na ni rahisi, ingawa zinalainisha mchanganyiko na kuuondolea ule ukavu mzuri wa kingo. Mimi nisingevuka theluthi moja ya mchanganyiko.

Na choroko! Wakorea wana mboga ya pembeni inayotengenezwa kwa machipukizi ya choroko, na choroko chipukizi unaweza kuziotesha mwenyewe. Loweka kikombe kimoja usiku, chuja, funika kwenye chombo chenye matundu mahali penye giza, suuza asubuhi na jioni. Siku ya nne hivi zina mikia mirefu ya kuliwa. Zichemshe dakika mbili, usizile mbichi, kwani joto na unyevu unaootesha choroko unaotesha bakteria pia. Zikamue, tia tone la mafuta ya ufuta na kitunguu saumu kidogo. Pembeni weka matango yaliyokatwa nyembamba kwenye siki na sukari kidogo, na yai la kukaanga juu ya kila bakuli ikiwa nyama imekuwa chache. Kwa watoto, pilipili ibaki mezani kila mtu ajitilie.

Neno juu ya nyama yenyewe. Nyama yenye mafuta kama asilimia 15 hadi 20 ni ya bei nafuu kuliko ile isiyo na mafuta kabisa, na inakaangika vizuri zaidi. Hayo ya ziada utayachota. Ukiweza, chagua kipande mwenyewe na usagiwe ukiangalia. Tofauti na steki, ambayo bakteria wake wengi wako juu ya ngozi na moto unawaua, nyama ya kusaga imechanganya juu na ndani, kwa hiyo lazima iive yote: kipimo kinachoshauriwa ni nyuzi joto 71. Rangi peke yake si ushahidi, kuna nyama inayopoteza wekundu kabla haijaiva. Kwa vipande vidogo vilivyokaangwa kama nilivyoeleza unapita hapo bila shida, ila vunja mabonge makubwa. Mbichi isikae kwenye friji zaidi ya siku moja au mbili. Ukiona hutaipika, igandishe ikiwa bapa kwenye mfuko, itayeyuka haraka na itatandazika vizuri siku ya kazi.

Mtu akishakula nyama akaharisha damu, akapata homa kali, au mtoto akaharisha huku mkojo unapungua, usimpe dawa ya kufunga tumbo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Baadhi ya bakteria wa nyama ya ng'ombe hushambulia figo za watoto. Vilevile kama kuna mtu kwenu hajawahi kula ufuta au soya na akavimba midomo au kupumua kwa shida baada ya mlo, hilo ni jambo la dharura. Ngano pia imo kwenye sosi nyingi za soya, kwa wale waliokatazwa.

Kilichobaki usikiache juu ya jiko hadi asubuhi. Nyama na wali viingie friji ndani ya saa mbili, wali ukitandazwa kwenye chombo kipana upoe haraka, kwa kuwa una bakteria ambao sumu yao haifi hata ukiupasha moto tena. Nyama iliyopikwa inakaa siku tatu hadi nne. Ya kesho ikaange na wali wake hadi wali ushike chini, vunja yai katikati, na hiyo haikuchukui hata dakika kumi.